Laptopu ya kutengenezea programu dhibiti huria: kuichagua na kuilipia ukiwa Kigoma

Maswali ni yale yale kila mwezi. Nianze na laptopu gani? Core i5 inatosha? Nikiiua nitapata wapi nyingine? Kuna shirika linalotoa hela? Mwongozo huu ni kwa anayetaka kujitolea kwenye coreboot au Libreboot, yaani programu dhibiti huria inayokaa mahali pa bayosi ya kiwanda, naye yuko Mwanga, Gungu, Ujiji au Kasulu, mbali na Kariakoo na mbali zaidi na wanaouza klipu za chipu, vibanio vya kusomea chipu inayobeba programu dhibiti. Aliye Tabora atabadilisha majina ya mitaa tu.

Jambo la kushika kabla ya yote: usitafute laptopu moja nzuri. Tafuta mbili za kawaida. Moja ni ya kazi, haiguswi bayosi yake. Ya pili ni ya kuua na kufufua. Anayefanya yote kwenye mashine moja, siku ikigoma kuwaka hana hata pa kusomea maelezo ya kuirekebisha.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Laptopu ya kazi 1: prosesa ya Intel kizazi cha 4 au zaidi, ramu GB 8, SSD GB 240. Ukiwa na GB 4 utaweza, ila kwa uvumilivu.
- Laptopu ya majaribio 1, zikiwa 2 za aina moja ni bora zaidi. Skrini iliyopasuka, betri iliyokufa au kibodi yenye mapengo si kasoro hapa, ni sababu ya kushusha bei.
- Raspberry Pi Pico 1, kibao kidogo cha kusomea na kuandikia chipu, na waya wake wa USB wa kupitisha data. Nyaya nyingi za madukani ni za kuchajia tu.
- Klipu ya chipu yenye miguu 8. Pomona 5250 ndiyo inayodumu. Za bei ya chini hung'ata vibaya baada ya matumizi machache.
- Nyaya ndogo 10 za kuunganishia, sentimita 10 kila mmoja. Zisizidi sentimita 20.
- Bisibisi za nyota PH0 na PH1, na kadi ya simu ya zamani ya kufungulia plastiki.
- Flashi 2 za GB 8 au zaidi: moja ya Linux ya kuwashia, moja ya kutunzia nakala.
- Daftari. Si mzaha, utalihitaji kwenye hatua ya 5.

Huhitaji mashine ya kulehemu kwa kuanzia.

Hatua ya 1: Jenga kwanza, nunua baadaye

Usitoe hata shilingi kabla hujajenga coreboot mara moja na kuiona ikiwaka ndani ya QEMU, kompyuta ya kuigiza. Kompyuta yoyote yenye Debian au Ubuntu inatosha, hata ya kuazima. Wengi wanaosema wanahitaji laptopu huishia hatua hii, na ni heri waishie hapa kuliko waishie na mashine mbili uvunguni.

Weka zana:

`sudo apt install bison build-essential curl flex git gnat libncurses-dev libssl-dev zlib1g-dev pkgconf qemu-system-x86`

Usiiruke `gnat`. Ukiisahau, zana zitajengwa bila lugha ya Ada, na baadaye mashine kama X230 itakataa kujengwa kwa sababu sehemu ya kuwasha skrini imeandikwa kwa Ada. Itabidi urudie ujenzi wote.

Vuta msimbo:

`git clone --depth 1 https://review.coreboot.org/coreboot.git`

Hiyo `--depth 1` ni kwa ajili ya bando. `git clone` ikikatika katikati haiendelei ilipoishia, inaanza upya na MB zako zimekwenda. Vuta kidogo kwanza, halafu mtandao ukitulia usiku ongeza historia kwa `git fetch --deepen=500`, na mwisho `git fetch --unshallow`. Kisha:

`cd coreboot`
`git submodule update --init --checkout`
`make crossgcc-i386 CPUS=2`

Amri ya mwisho ndiyo ndefu. Kwenye prosesa ya viini 2 inaweza kula saa nzima na zaidi, basi hakikisha betri imejaa au umeme upo. Mafaili inayoyavuta hukaa `util/crossgcc/tarballs`. Mkiwa watu watano, mmoja avute, wengine wanne wanakili folda hiyo kwa flashi. Msinunue bando tano kwa mafaili yale yale.

Zana zikikamilika, andika `make menuconfig`, toka bila kubadilisha kitu (chaguo la mwanzo ni QEMU), kisha `make`. Washa:

`qemu-system-i386 -bios build/coreboot.rom -serial stdio`

Maandishi yakishuka kwenye terminali na SeaBIOS, programu inayotafuta diski ya kuwashia, ikatokea, umefuzu kwenda hatua ya pili.

Hatua ya 2: Chagua kazi, kazi itachagua mashine

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tusiende mbio.

Swali "laptopu ipi ni bora?" halina jibu. Lenye jibu ni "nitafanya nini?" Kuna kazi tatu ambazo mtu wa kujitolea huzianza: kupima matoleo mapya kwenye mashine ambayo tayari inakubalika, kurekebisha hitilafu kwenye mashine hiyo, na kuongeza mashine mpya isiyokuwepo kwenye orodha. Ya kwanza na ya pili zinataka mashine inayofahamika. Ya tatu usiiguse mwaka wa kwanza. Kuna mtu atakuja na laptopu aliyopewa na mjomba akitaka aiwekee coreboot kwa kuwa ndiyo aliyonayo. Mara nyingi haiwezekani, na sababu ni hii:

Kuanzia kizazi cha 4 cha Intel, yaani Haswell, kilichotoka 2013, kuna kitu kinaitwa Boot Guard. Kiwanda kikikiwasha, ufunguo wake huchomwa ndani ya chipu za Intel kabisa, na prosesa hukataa programu dhibiti yoyote isiyo na saini ya kiwanda. Hakuna klipu wala ujanja wa bisibisi utakaokuvusha. Hivyo "mpya zaidi" si "bora zaidi" kwa kazi hii. T440p ya 2013 inafaa kwa sababu haikuwashwa kinga hiyo. T450 iliyofuata, mpya na nyepesi zaidi, ina kinga.

Mashine tunazoshauri, za mtumba zote:

*ThinkPad X230* (2012). Hii ndiyo ya kwanza kuiulizia. Inajulikana, vipuri vyake vinapatikana, inakubali ramu hadi GB 16, na coreboot huiwasha ramu yake bila kipande cha siri cha Intel. Chipu zake ni mbili: iliyo karibu na skrini ni ya MB 4, iliyo karibu nawe ni ya MB 8. Zote zinafikiwa ukitoa kibodi na sehemu ya kulazia viganja, huhitaji kutoa ubao mama. Kasoro yake moja ni betri: kidhibiti chake hukataa kuchaji betri zisizo za asili. Kwa mashine ya majaribio inayokaa kwenye chaja, hilo si kitu.

*ThinkPad X220* (2011). Ndugu yake mkubwa kwa umri. Chipu moja tu ya MB 8, kwa hiyo makosa ni machache. Kama ni mara yako ya kwanza kushika klipu, hii ni rahisi kuliko X230.

*ThinkPad T440p*. Prosesa yake inatoka na kubadilishwa, hivyo unaweza kuinunua na ya viini 2 ukaiwekea ya viini 4 baadaye. Inafaa hata kuwa mashine ya kazi. Angalizo: inataka ramu ya DDR3L, ya volti 1.35. Ramu ya DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 uliyochomoa kwenye laptopu ya zamani inaingia kwenye tundu vizuri kabisa, ila mashine haiwaki, na utadhani umeiua.

*ThinkPad X200* (2008). Hii ni kwa asiyetaka kabisa Intel ME, ile kompyuta ndogo iliyofichwa ndani ya chipu za Intel. Hapa inaweza kuondolewa yote. Lakini ni mashine ya Core 2 Duo, ramu mwisho GB 8. Usiifanye ya kazi.

*ThinkPad T480*. Hii ina Boot Guard, ila njia ya kuipita ilipatikana, na Libreboot ikaanza kuikubali mwishoni mwa 2024. Bei yake ni ya juu. Inunue kama mashine ya kazi, siku ukikomaa uwe umeshajua la kufanya nayo. Ukiinunua sasisha programu ya Thunderbolt mapema, kwa kuwa matoleo ya zamani yana hitilafu inayoweza kuiharibu milango ya USB-C hadi isichaji.

*Chromebook*. Karibu zote hutoka kiwandani na coreboot, na nyingi za miaka ya karibuni zinakuruhusu kusoma maandishi ya kuwaka kupitia mlango wa USB-C kwa waya maalumu uitwao SuzyQable. Kwa kujifunza jinsi mashine inavyoamka, hakuna kifaa kizuri kama hiki. Lakini ramu GB 4 iliyolehemewa na diski GB 32 haziwezi kubeba ujenzi. Ni mashine ya majaribio, basi.

Zipo kampuni zinazouza laptopu mpya zenye coreboot tayari: System76, Star Labs, NovaCustom, Purism. Kwa bei ya moja unapata X230 kadhaa. Waachie wenye mifuko.

Hatua ya 3: Ikague kabla ya kutoa hela

Kigoma mjini utapata laptopu za mtumba Mwanga na kwa mafundi, ila aina utakayotaka huenda ikabidi iagizwe Dar. Anza kwa mafundi. Waulize waziwazi: "Una X230 iliyokufa skrini?" Fundi huwa nazo zimelala zikisubiri kuchunwa vipuri, na X230 yenye skrini mbovu ikiunganishwa na televisheni au monita inafanya kazi yote unayoihitaji.

Dukani, nenda na flashi yenye Linux na ufanye haya, mwenye duka akiwa anatazama:

1. Iwashe ukibonyeza F1. Ikikuomba nenosiri, acha kwanza uulize mashine ilitoka wapi. Coreboot hailijali nenosiri hilo, lakini laptopu ya ofisi iliyofungwa na isiyo na karatasi inaweza kuwa ya wizi. Dai risiti yenye namba ya mashine. Bila risiti, ondoka.
2. Iwashe kwa flashi, kisha `sudo dmidecode -s system-version`. Kibandiko cha nje kinaweza kuwa cha mashine nyingine, maana mafundi hubadilishana makasha.
3. `lscpu` kwa prosesa, `free -h` kwa ramu. Ramu ikionekana nusu, tundu moja limekufa.
4. `sudo smartctl -a /dev/sda` kwa diski. Angalia sekta zilizohamishwa, yaani sehemu za diski zilizokwisha haribika.
5. Betri: linganisha `energy_full` na `energy_full_design` ndani ya `/sys/class/power_supply/BAT0/`. Ikiwa chini ya nusu, hesabu kwamba hakuna betri.
6. Chomeka kitu kwenye kila mlango wa USB. Tikisa waya wa chaja. Fungua na kufunga skrini uone bawaba.
7. Kama ni kizazi cha 4 kwenda juu na si mojawapo ya tulizotaja, pima Boot Guard kwa `sudo ./intelmetool -b`. Zana hiyo iko kwenye folda ya `util` ya coreboot. Ijenge nyumbani uibebe kwenye flashi.

Ukiagiza Dar kupitia mtu, mtumie orodha hii na umwambie akupigie picha ya majibu ya namba 2, 3 na 4 kabla ya kulipa. Neno "iko poa bosi" si jibu.

Hatua ya 4: Andika bajeti yenye vipande vyote

Anayechangisha hutaja bei ya laptopu, akapewa, kisha akakwama kwa kukosa klipu. Weka vyote. Namba hizi ni za mfano tu, weka za kwako baada ya kuuliza wauzaji watatu:

- Laptopu za majaribio 2 × 300,000 = 600,000
- Pico, klipu, nyaya na bisibisi = 120,000
- SSD na ramu ya kuongeza = 150,000
- Usafirishaji Dar hadi Kigoma = 60,000
- Bando, miezi 6 × 30,000 = 180,000
- Jumla ndogo = 1,110,000
- Akiba ya dharura, asilimia 10 = 111,000
- Jumla = 1,221,000

Ile akiba usiione aibu. Chipu ya kubadilisha ikihitajika, au waya wa chaja ukifa, utaitoa humo.

Ukinunua chipu za akiba, jua kwamba W25Q64 ni megabiti 64, sawa na MB 8, na W25Q32 ni MB 4. Tena angalia herufi za mwisho: FV na JV ni za volti 3.3, FW ni ya volti 1.8 na haifai kwenye mashine hizi.

Hatua ya 5: Tafuta hela kwa mpangilio huu

*Kwanza, kikundi.* Watu 6 wakitoa 20,000 kila mwezi, baada ya miezi 5 mna 600,000, ambazo kwenye mfano wetu ni laptopu zote mbili za majaribio. Mashine iwe mali ya kikundi, iandikwe nani anakaa nayo na kwa wiki ngapi. Mali bila daftari hupotea bila habari: kila risiti ibandikwe, kila kipuri kiandikwe, na mwenye kuiua aandike aliiua vipi, bila kutozwa faini. Ukiwatoza faini wataanza kuficha, na makosa yaliyofichwa hayafundishi mtu.

*Pili, vitu badala ya hela.* Ofisi, shule na taasisi hubadilisha kompyuta. Barua ya ukurasa mmoja ikiomba "laptopu 2 mbovu za aina hizi, kwa mafunzo" hujibiwa haraka kuliko inayoomba milioni. Nje ya nchi nako wapo wenye X230 kabatini. Wakikubali kutuma, waombe watume bila betri: betri ya lithiamu iliyotumika ina masharti makali kwenye ndege, na iliyovimba hairuhusiwi kabisa. Kabla haijatumwa, uliza gharama zote za kuitoa zitakuwa ngapi. Zawadi isiyotolewa posta ni deni.

*Tatu, mipango inayolipa kazi.* Google Summer of Code humlipa mtu aliyetimiza miaka 18 kwa mradi wa miezi kadhaa, na tangu 2022 si lazima uwe mwanafunzi. Coreboot imeshiriki mara nyingi. Hakikisha imo kwenye orodha ya mwaka husika. Hailipii laptopu, inalipia kazi, hela ukishazipata ni zako. Tena hawamchukui mtu asiyejulikana: tuma viraka (marekebisho ya msimbo) viwili vitatu vidogo kabla ya maombi kufunguliwa.

NLnet, wakfu wa Uholanzi, hutoa ruzuku za euro 5,000 hadi 50,000 kwa mradi wa mara ya kwanza, na miradi ya programu dhibiti huria imewahi kunufaika. Sehemu kubwa ya fedha hizo hutoka Umoja wa Ulaya, basi tarajia kuulizwa kazi yako itawafaa vipi watu wa huko. Na hulipa kila kipande cha kazi kikishakamilika. Maana yake ni kwamba hela ya kununua laptopu ya kwanza haitatoka hapa. Huku unakwenda ukiwa tayari na mashine, na jina lako liko kwenye msimbo.

*Mkopo wa halmashauri*, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu: hauna riba, lakini unarejeshwa. Kujitolea hakuingizi kitu. Usikope kwa kazi ya bure. Kama kikundi chenu kina karakana ya kutengeneza kompyuta, kopeni kwa ajili ya karakana, na zana zile zile za kusoma chipu zitafanya kazi zote mbili. Kwenye andiko, ipeni uzito kazi ya karakana, kwa sababu ndiyo inayorejesha.

Namna ya kuandika ombi, popote uendako: ukurasa mmoja. Sentensi ya kwanza itaje mashine na kazi. Linganisha:

"Naomba msaada wa laptopu ili nijifunze teknolojia."

"Naomba X230 mbili na vifaa vya kuflashi ili nipime toleo la coreboot kila mwezi kwa miezi 12 na kutuma matokeo. Viraka vyangu vitatu vya mwanzo ni hivi."

La kwanza limeandikwa na watu elfu. La pili mtu anaweza kulifuatilia. Ambatanisha bajeti na risiti za vilivyokwisha nunuliwa, na useme mashine itabaki kwa nani ukiacha.

Hatua ya 6: Mashine ikifika

Kama inakuja kwa treni au basi, diski itolewe ije na mtu, na skrini ikandamizwe kwa kitu laini, si gazeti. Ikifika, usiiwashe papo hapo kama imesafiri kwenye baridi na huku ziwani kuna unyevu. Iache saa kadhaa.

Kisha soma chipu kabla ya kufanya jambo lolote.

1. Toa chaja. Toa betri kubwa. Toa na betri ndogo ya saa.
2. Gusa chuma kilichozikwa ardhini kuondoa umeme tuli. Kiangazi, hewa ikiwa kavu na umevaa nailoni, hili lina maana.
3. Tambua mguu wa 1 wa chipu: una kitone. Miguu ni: 1 CS, 2 MISO, 3 WP, 4 GND, 5 MOSI, 6 CLK, 7 HOLD, 8 VCC. VCC, WP na HOLD zipate volti 3.3, ambayo kwenye Pico ni pini ya 36. Pini nyingine fuata maelezo ya programu ya serprog uliyoiweka kwenye Pico, ile inayoigeuza kuwa kisomaji cha chipu.
4. Bana klipu, ndipo uchomeke USB. Si kinyume.
5. Soma mara tatu kwa flashrom, programu ya kusoma na kuandika chipu:

`flashrom -p serprog:dev=/dev/ttyACM0,spispeed=8M -r soma1.bin`

Rudia kwa `soma2.bin` na `soma3.bin`, kisha `sha256sum soma*.bin`. Namba zote tatu lazima zilingane. Zikitofautiana hata moja, usiandike kitu. Kwenye X230 fanya hivyo kwa chipu zote mbili, na majina ya mafaili yaonyeshe ni ya ipi.

6. Nakili kwenye flashi, kwenye mashine ya kazi, na kwa mwenzako. Ndani ya nakala hiyo mna anwani ya kadi ya mtandao ya mashine yako na sehemu za Intel usizoweza kuzitengeneza mwenyewe. Ikipotea, kufufua kunakuwa kazi ngumu.

Onyo kuhusu CH341A, kile kifaa cheusi kinachouzwa kila mahali: toleo lake la kawaida hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data wakati chipu inataka 3.3. Wapo waliokitumia mara nyingi bila tatizo, na wapo waliochoma ubao mama mara ya kwanza. Pico haina shida hiyo. Nunua Pico.

Wakati wa kuandika kwenye X230, faili la coreboot la MB 12 likatwe, iandikwe chipu ya juu tu, ile ya MB 4 iliyo karibu na skrini:

`dd if=build/coreboot.rom of=juu.rom bs=1M skip=8`

Chipu ya MB 8 iache kama ilivyo hadi uizoee kazi. Mashine ikishawaka na Linux ikaingia, `sudo ./cbmem -c` kutoka `util/cbmem` itakupa maandishi yote ya kuwaka. Yatunze. Ndiyo utakayotuma, pamoja na matokeo ya `util/board_status`, na ndiyo ushahidi wako kwa aliyekuchangia. Kutuma viraka, endesha `make gitconfig` kwanza, weka saini kwa `git commit -s`, kisha `git push origin HEAD:refs/for/main`.

Mambo yakigoma

*Flashrom haioni chipu.* Mara nyingi klipu haijakaa. Itoe, futa miguu ya chipu kwa spiriti, rudisha. Hakikisha nyaya hazizidi sentimita 20. Shusha kasi hadi `spispeed=1M`. Kama bado, kagua mguu wa 1, huenda umegeuza.

*Inaona chipu, lakini kila usomaji una namba yake.* Kasi kubwa mno au nyaya ndefu. Pia angalia kama WP na HOLD zimeunganishwa.

*Feni inazunguka, skrini nyeusi.* Acha ramu moja tu, jaribu kila tundu, badilisha ramu. Bado? Unganisha monita ya nje, huenda coreboot imewaka na skrini tu ndiyo haijaamka. Bado? Rudisha nakala ya kiwanda. Ikiwaka, tatizo ni mipangilio yako. Isipowaka, tatizo ni klipu au nakala.

*Mashine inazima yenyewe baada ya dakika 30.* Sehemu ya Intel ME imefutwa yote. Kwenye X220 na mashine za baada yake lazima kibaki kipande cha kuanzishia. Rudisha sehemu hiyo kutoka kwenye nakala yako, kisha tumia `me_cleaner` badala ya kufuta kwa mkono.

*Ujenzi unakufa na neno "Killed".* Ramu imejaa. Tumia `CPUS=1` au ongeza faili la swap (nafasi ya diski inayosaidia ramu) la GB 4.

*Betri haichaji kwenye X230.* Si kosa la coreboot. Kidhibiti cha betri kina programu yake mahali pengine na coreboot haiigusi. Tafuta betri ya asili, au iache mashine ikae kwenye chaja.

*Umeme umekatika ukiandika chipu.* Chipu haijafa, ina maandishi nusu tu. Washa mashine ya kazi kwa betri, bana klipu tena, andika upya kutoka mwanzo, na umalizie kwa `-v` kuhakiki.